Mtafunaji wa Babu Anaeli

1

Bibi yangu Apaikunda alikuwa hajawahi kuonja firigisi mpaka alipofikisha miaka sabini na mbili. Kwao firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mama anayeidokoa jikoni anasemwa mpaka na majirani. Sasa anaitafuna kila Jumapili, taratibu, macho ameyafumba, huku amekunja uso kama anayemeza klorokwini. Haipendi hata kidogo. Anaitafuna kwa ajili ya babu.

Jumapili ile nilipanda kijijini Akeri kukagua nanga zake, zile skrubu ndogo nilizomfunga tayani. Nilimkuta jikoni, kile chumba cha nje chenye moshi alichokataa kukiacha hata baada ya wajomba kumjengea jiko linalojipikia lenyewe.

"Fungua mdomo, mke mwenzangu," nikamwambia.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha mikono yangu pande zote mbili kama mtoto wa chekechea, ndipo akafungua. Meno yake ni ya kahawia kama yetu sote tuliokunywa maji ya mlima huu tangu utotoni. Watu wa mbali hudhani ni uchafu. Sisi mafundi wa nanga tunayaheshimu, kwa sababu madini yaliyoyatia meno rangi yaliingia na mifupani, na skrubu ikishakaa kwenye taya la Mmeru, kuing'oa ni kazi.

Bibi ana nanga mbili, kushoto na kulia, nyuma ya magego ya mwisho ambako mfupa wa taya ni mnene. Kila moja haizidi punje ya mchele. Zamani nanga kama hizi zilikuwa za kunyooshea meno tu: unaifunga kwenye mfupa, unaitegemea kuvuta jino lililokaa upande, basi. Kazi hiyo bado naifanya, na wiki ile nilikuwa nimewafungulia mwanya mabinti wawili waliokuwa karibu kuolewa. Lakini siku hizi kichwa cha nanga kinabeba mengi. Madereva wanasikilizia njia humo, wenye kifafa wanatiwa dawa humo. Kwenye vichwa vya nanga za bibi nilikuwa nimevalisha vinasa viwili. Taya likicheza, vinaamka na kupeleka mtikisiko wa mfupa wake sebuleni, kwa babu.

Babu Anaeli hana taya la chini. Saratani ilipomwingia walilikata, wakamtengenezea jingine kwa mfupa wa mguu wake mwenyewe. Taya hilo lilimrudishia sura, lakini halitafuni. Ulimi ulibaki nusu. Anapumua kwa bomba la shingoni na analishwa kwa mpira unaoingia tumboni. Miezi ya kwanza chakula kilikuwa kinarudi chote. Tumbo nalo lina maringo yake. Lilizoea kusikia meno yakifanya kazi kwanza, sasa uji unatua ghafla kama mgeni aliyepitia dirishani, likawa linaufukuza. Babu alikonda tukaanza kumwinua kwa mkono mmoja.

Ndipo nikafunga nanga nyingine mbili kwenye mifupa ya mashavu yake. Bibi akitafuna, shavu la babu linatikisika sawasawa na taya la bibi, na tumbo linaamini kwamba mzee anakula. Tangu hapo uji unakaa. Bibi naye amenenepa, maana anakula chakula chake na cha mumewe, na watani wake kanisani hawamwachi.

Nilipomaliza jikoni nikaenda sebuleni kwa babu. Mfuko wa uji ulikuwa umening'inizwa kwenye kitundikia kofia. Alinishika mkono, akanibusu vidole kama afanyavyo kila ninapofika, mimi mke wake mdogo asiyejua kupika. Nikaanza kukagua shavu la kulia. Bibi alikuwa amebaki jikoni na mdogo wake, Eliakunda, wakimenya ndizi, na kutoka pale tulipokuwa husikii chochote cha jikoni.

Ghafla mabega ya babu yakaanza kutikisika. Nilidhani amepaliwa, nikakimbilia bomba la shingoni. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka, anapiga goti kwa ngumi, na mimi sioni cha kuchekesha hata kimoja chumbani mle.

Nikatoka mbio mpaka jikoni.

"Mlikuwa mnaongea nini sasa hivi?"

"Namkumbusha Eliakunda siku babu yako alipokuja kuniposa," akasema bibi. "Alivaa suruali ya kuazima. Alipoinama kuwasalimu wazee ikapasuka nyuma. Akasalimia nyumba nzima akiwa amegeukia ukutani. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, bibi."

Nikarudi sebuleni, nikafunga mlango. Babu alikuwa amejipangusa machozi, ametulia kama mchungaji.

"Unamsikia," nikamwambia.

Akachukua kibao chake cha kuandikia. Akaandika: *Kidogo.*

"Babu!"

Akafuta kwa kiganja. *Yote.*

"Tangu lini?"

*Tangu ulipofunga.*

Nikakaa kwenye mkono wa kochi. Nilivipima vinasa vile kwa karanga, kwa nyama, kwa muwa. Haikunipitia kichwani kupima kwa maneno, wakati mfupa unaosaga karanga ndio huohuo unaotetemeka mtu akisema. Kila alichosema bibi yangu kwa zaidi ya mwaka, kwa kuku, kwa majirani, kwa Mungu, kilikuwa kimetua kwenye shavu la mume wake. Na hajui.

"Lazima aambiwe," nikasema.

Babu akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka bomba likalia. *Usimwambie. Akijua atanyamaza.*

"Ni mdomo wake, babu. Hakukubali hivyo. Alikubali kutafuna."

Akaandika muda mrefu, kisha akanigeuzia kibao. *Unadhani ni firigisi inayonishibisha?*

Nilimpenda sana babu dakika ile, na nilitamani kumzaba kofi. Nikampa wiki moja amwambie mwenyewe.

2

Wiki ile sikulala vizuri. Karakana yangu iko Tengeru, juu ya duka la mbegu, na kila nilipomaliza wateja nilikuwa natoa mafuvu yangu ya plastiki na kujaribu kutenganisha vitu viwili: mlio wa kutafuna na sauti ya mtu. Nilitaka kupitisha wa kwanza na kuizuia ya pili. Bibi angerudishiwa siri zake na babu angebaki na karanga zake, na mimi nisingelazimika kumsaliti yeyote.

Haikuwezekana. Sauti ya mtu na mlio wa karanga hupita njia moja mfupani. Nikibana njia maneno yasipite, karanga inageuka pamba. Unatafuna na huambulii kitu. Nikiilegeza karanga isikike, maneno nayo yanapenya, na kwanza yanatangulia. Nilijaribu kuhamishia kinasa ubavuni mwa taya, nikajaribu chini ya pua ya fuvu. Nilimwekea babu marekebisho yale siku moja, kwa ruhusa yake, bibi akila mihogo ya kuchoma. Uji wote ulirudi. Babu alinitazama kwa huruma huku nikimfuta kifua, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Basi yakabaki mambo mawili tu. Nikimwambia bibi, atanyamaza, na nilijua anavyonyamaza akiudhika. Mama yangu alizaliwa na kuachishwa ziwa katika mojawapo ya vipindi vyake vya kununa. Babu atabaki na njaa. Nisipomwambia, ninamwacha bibi yangu atembee na mdomo usio wake. Wateja wangu husaini kabla sijawagusa hata ufizi. Bibi yangu hakusaini kuongea na mtu.

Wiki ikaisha. Babu hakuwa amesema. Nilipomuuliza aliandika: *Kesho.* Mzee mzima, ananidanganya kama mtoto anayedaiwa kazi ya shule.

3

Nilipanga kumwambia bibi siku hiyohiyo, lakini yeye akanitangulia. Alinichukua tukakate majani ya ng'ombe, akaniongoza mpaka mwisho wa shamba, katikati ya migomba, akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma.

"Nderakindo, kaa hapa. Nina jambo."

Nilipoitwa kwa jina langu nikajua utani umekwisha.

"Sijamwambia mtu hili. Hata Eliakunda hajui. Ni kuhusu babu yako, na sitaki alisikie mpaka nimezikwa."

"Bibi, ngoja kwanza..."

"Usinikatize, nitashindwa. Kila nikimtafunia linanikaa kooni. Usiku ule walipomwingiza kumkata, mlipokuwa mmelala kwenye benchi, nilikwenda kwenye kikanisa cha hospitali. Nikapiga magoti. Nikamwambia Mungu..."

Nikamziba mdomo.

Kwa kiganja, kwa nguvu, kama unavyomziba mtoto anayetaka kutukana mbele ya wageni. Sijawahi kumgusa bibi yangu hivyo na sijui mtu mwingine aliyewahi. Aliniangalia juu ya mkono wangu kwa macho makubwa, na nilihisi pumzi yake ya moto kati ya vidole vyangu.

"Usiseme," nikamnong'oneza. "Anakusikia. Nanga zinabeba na maneno. Anakusikia kila kitu, sasa hivi, akiwa sebuleni."

Aliushika mkono wangu, akautoa mdomoni pole pole. Akanyoosha kidole kuelekea nyumbani. Nikakubali kwa kichwa. Akajishika taya, kisha akafungua mdomo wazi mbele yangu bila kutoa hata mguno, akaelekeza kidole ndani: *toa.*

Nilikuwa na ufunguo mdogo mfukoni. Nikavitoa vinasa vyote viwili palepale kwenye migomba, nikavifunga kwenye leso. Nanga zenyewe zikabaki mfupani, hazina kosa. Ndipo akaongea.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, bibi."

"Hata nikisali?"

"Hata ukisali."

"Hata nikiwa chooni?"

"Kwani chooni huwa unaongea?"

"Huwa naimba," akasema, na hapo akaanza kulia, halafu akacheka katikati ya kulia, halafu hasira ikashinda vyote viwili. "Mwaka mzima! Nimemsema na shuka lake, na dawa zake zinavyonuka, nimemsema na dada zake. Na yeye ananiangalia tu, ananipigapiga mkono! Na wewe ulijua?"

"Nimejua juzijuzi. Nilimpa wiki akwambie."

"Ulimpa wiki," akasema, akiokota mundu wake. "Ya mdomo wangu."

Alitangulia kurudi na majani kichwani, na hakunisubiri.

4

Yakatokea yaleyale aliyoyaogopa babu. Bibi alimnyamazia. Alimbadilishia shuka, akamsafisha bomba, akamtundikia mfuko wa uji, yote kwa mikono bila neno. Uji ukawa unarudi. Babu aliandika *samahani* kwenye kibao, akakiweka kifuani kama mtu anayepokea wageni uwanja wa ndege, na bibi akawa anapita pembeni yake na ndoo. Mimi nilipiga simu kila siku kuuliza amekula nini, na Eliakunda akawa ananijibu kwamba hakuna anayekula humu ndani, hata dada yake anachezea tu sahani.

Kisha asubuhi moja bibi akaja karakana. Amevaa gauni la kanisani. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Nataka na mimi nimsikie," akasema.

"Bibi, hakuna cha kusikia. Hana sauti. Hewa yake inatokea shingoni, haifiki mdomoni. Walimpima tangu upasuaji, kila kipimo sifuri. Utasikia anavyomeza mate, basi."

"Basi nitasikia anavyomeza mate."

"Na utakapokuwa unatafuna atakusikia tena, maneno yote. Siwezi kuvitenganisha. Nimejaribu."

"Nimekusikia. Mimi nimekataa kusikilizwa kwa kuibiwa. Kama nasikilizwa nikijua, na mimi namsikiliza, hiyo ni ndoa. Nimekaa humo miaka hamsini, siiogopi."

Ikabidi tupande Akeri babu naye aulizwe, maana shavu ni lake. Nilimweleza taratibu: nanga zake zitapokea na kutuma pia, bibi atasikia chochote kinachotikisika kichwani mwake. Unajua alichoandika? *Hapana.*

Bibi alisoma kibao juu ya bega langu. "Aa! Kumbe!"

Babu akafuta, akaandika haraka. *Nikiwa na maumivu usiku huwa naguna. Sitaki asikie.*

"Kwa hiyo wewe usikie ninavyoimba chooni," akasema bibi, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu siku ya migomba, "lakini mimi nisisikie unavyoumwa. Anaeli, mimi ni nani humu ndani?"

Babu akafuta maneno yale kwa mkono wa shati, akakubali kwa kichwa.

5

Nyuma ya magego hapakuwa na nafasi ya nanga nyingine, na mifupa ya mashavu ya bibi imeanza kuwa myembamba. Palibaki kwenye kaakaa, katikati, pale mifupa miwili ya juu ilipoungana. Pale mfupa hukaa mnene hata uzeeni, na hakuna mshipa wa kuogopa. Nilimtia ganzi. Nikaendesha keekee polepole huku namwagia maji baridi, kwa sababu mfupa wa watu wa kwetu ni mgumu, ukiukimbiza unapata moto, na mfupa ulioungua haushiki kitu. Bibi alikuwa ameshika upindo wa koti langu muda wote. Nanga ilipokaa niliigonga kwa ncha ya kibano, ikajibu kwa mlio mkavu, mzuri, nikajua imeshika.

Tulisubiri mpaka kidonda kikapona, kisha nikapanda tena Akeri. Niliwakalisha sebuleni, uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana. Nikavalisha vinasa upya. Nikavalisha na kipokezi kwenye kaakaa. Nikawasha kishikwambi changu, mistari miwili ikaanza kukimbia kwenye kioo, wa bibi juu na wa babu chini.

"Unasikia nini?" nikauliza.

"Kama mtu anayetembea kwenye majani makavu."

"Hiyo ni pumzi yake. Nilikwambia, bibi, ndiyo hiyo tu."

Bibi hakunijali. Alikuwa anamwangalia mumewe. Akavuta pumzi, nikaona anataka kusema, na nikaona mikono yake imeshikana mapajani mpaka vidole vimepauka.

"Anaeli. Usiku ule walipokuingiza kukukata, nilikwenda kanisani. Nikamwomba Mungu akuchukue. Nilisema, mchukue huko huko ndani, nisimwone akitoka hana uso. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Ndicho nilichokuwa nataka kumwambia huyu mtoto."

Babu hakugusa kibao. Nilidhani amekosa la kuandika, na moyo uliniuma kwa wote wawili, nikaangalia chini kwenye kioo ili nisiwaone.

Mstari wa babu ulikuwa unapanda na kushuka.

Haukuwa wa pumzi. Nimetazama mistari ya wagonjwa maisha yangu yote ya kazi, najua pumzi ilivyo. Huu ulikuwa unakatika, unaanza, unakatika, kama unavyokatika wa mtu yeyote anayeongea. Hewa kidogo ilikuwa inaponyoka pembeni mwa bomba, inafika kooni, na nusu ya ulimi wake ilikuwa inafanya kazi ya ulimi mzima. Sote tulimpima midomoni. Hakuna aliyewahi kumpima mfupani, hata mimi niliyemfunga nanga.

Bibi alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, amebandika ulimi kwenye kaakaa kama anayeonja kitu.

"Bibi?"

Akaninyooshea kiganja ninyamaze. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni na hakuyafuta. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, mara mbili, kama mtu anayeelezwa njia. Akasema "Eeh." Akasema tena "Eeh, nilijua." Kisha akamshika babu uso kwa mikono yote miwili, taya lile la mfupa wa mguu ambalo tangu hospitali hakuwahi kuligusa ila kwa kitambaa cha kufutia.

"Ameomba hivyohivyo," akaniambia bila kugeuka. "Usiku uleule. Anasema tumshukuru Mungu hakutusikia sote wawili."

Mstari ulikuwa bado unakimbia. Nikakizima kishikwambi, nikakifunika na mfuko wangu.

"Na anasema," bibi akaendelea, anacheka na kulia, anajipapasa kutafuta kanga yake ainuke, "amekuwa akinijibu kila siku, mwaka mzima, neno kwa neno, na alidhani atakuwa akinijibu hivyo bila kusikika mpaka afe. Na kingine anasema."

"Anasema nini?"

"Anasema ana njaa."